Jagi la Fedha la Kina Tordoff

Paa la kanisa la Wamethodisti wa Garsby lilianza kuvuja Februari, na kufikia Pasaka ndoo zilikuwa kumi na moja. Thirza Tordoff aliijua idadi hiyo vizuri kwa sababu ndiye aliyezipanga kila Jumapili asubuhi na kuzimwaga baada ya ibada. Ya saba, ile ya bati, ilikaa ubavuni mwa kiti chake ikimpigia ngoma katikati ya mahubiri.

Alikuwa na miaka sitini na sita. Kwa miaka thelathini alikuwa mpishi wa shule, akawalisha watoto wa bonde zima viazi vya kuponda na nyama ya kondoo, na hakutokea mtoto aliyethubutu kusaza. Hakuolewa. Pombe hakuwahi kuionja, hata ile ambayo wenzake huinyunyizia keki ya Krismasi. Keki yake aliilowesha kwa chai ya rangi, na ole wake mgeni atakayeuliza kwa nini.

Kabatini sebuleni mwake, ndani ya kitambaa cha kijani, alikuwa na jagi la fedha. Fedha yenyewe, si shaba iliyopakwa. Lilikuwa na tumbo pana, mkono mnene, mfuniko wa kubonyeza kwa kidole gumba, na mdomo mrefu wa kumiminia. Lilikuwa la Keziah Tordoff, bibi mzaa babu yake, likashuka mkono kwa mkono hadi likamfikia. Kila mwaka, sikukuu ya kanisa ilipofika, Thirza alilisugua kwa siku mbili, akalijaza maji ya limau, akalipeleka kanisani, na kila muumini alinywa kikombe kimoja kutoka humo kwa adabu, kama anayepewa dawa.

Adabu hiyo ilikuwa na sababu. Kwenye tumbo la jagi palichorwa maneno. Kushoto kwa mdomo paliandikwa *Josiah Tordoff*. Kulia paliandikwa *akasimama wima mbele ya mashahidi wengi*. Josiah huyo aliishi zama zile wahubiri walipokuwa wakipita vijijini kwa farasi na kupigwa mawe, na Garsby nzima iliamini kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza bondeni kuipokea imani bila kutetereka. Ndugu Percival Umpleby, mwenyekiti wa wazee wa kanisa na muuza mazulia, alilihubiri jagi hilo kila mwaka. "Alisimama wima, ndugu zangu!" alinguruma. "Je, sisi? Tumesimama, au tumejikunja?" Vijana wa kanisa waliunda chama wakakiita Chama cha Wima, wakavaa beji.

Mtu mmoja tu bondeni hakuliheshimu jagi lile, naye ni Hedley, kaka yake Thirza. Hedley alikuwa fundi wa mitambo ya kiwanda cha sufu hadi alipostaafu, na tangu hapo anwani yake halisi ilikuwa baa ya Kichwa cha Fahali. Mama yao alipokuwa kitandani akiaga dunia alisema jagi apewe Thirza, maana likipewa Hedley litajifunza njia ya baa lenyewe. Hedley hakukasirika. Alikuwa na msemo wake mmoja, na aliurudia kila Krismasi.

"Dada, lile ni kopo la bia. Kopo lililotiwa mdomo, kama wewe."

Basi siku ndoo zilipofika kumi na mbili, na fundi wa paa alipotaja bei iliyomfanya Ndugu Umpleby akae chini, Thirza alirudi nyumbani, akafungua kabati, akaliangalia jagi kwa muda mrefu, kisha akalifunga kwenye taulo na kulitia kwenye kikapu cha sokoni, chini ya kabichi. Hakumwambia mtu. Alipanda basi hadi mji wa jirani, kwenye nyumba ya mnada.

Dalali pale alikuwa Bwana Crispin Lyle, mtu wa kusini, mwembamba, mwenye tai ya kipepeo na sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Alilipokea jagi kwa mikono miwili. Alilipindua, akaweka kioo chake jichoni, akazisoma chapa ndogo nne zilizogongwa kitakoni.

"Ah," akasema, uso ukang'aa. "Newcastle. Elfu moja mia saba sitini na saba. Kazi safi, Bi Tordoff. Safi sana."

Kisha akaligeuza upande wa mdomo, na uso ukamzimika kama taa iliyoishiwa mafuta.

"Kuna nini?" Thirza akauliza.

"Bi Tordoff, jagi hili haliuziki."

"Haliuziki vipi? Halivuji. Nimelijaza maji miaka yote."

"Namaanisha ni kosa la jinai."

Thirza alivuta kiti akaketi, kikapu mapajani. Katika miaka sitini na sita hakuna mtu aliyewahi kulitumia neno hilo mbele yake, achilia mbali kumhusu.

Bwana Lyle akamweleza polepole. Chapa za kitakoni zilikuwa za chombo kilivyotoka kwa fundi wake wa kwanza. Mdomo haukuwa na chapa hata moja, kwa sababu uliongezwa miaka mia moja baadaye. Na sheria ya vyombo vya fedha ya Uingereza ni kali: chombo kilichobadilishwa umbo bila kupelekwa kupimwa upya, hakiuzwi. "Kukimiliki, ruksa. Kunywea, ruksa. Nikikipandisha mnadani, mimi na wewe tutajieleza mahakamani."

"Kwa ajili ya jagi la limau?"

"Kwa ajili ya mdomo."

"Na kabla hawajalitia mdomo, lilikuwa nini?"

Bwana Lyle akakohoa. "Kopo, Bi Tordoff."

"La maziwa."

"Sidhani."

"La maji, basi."

"Bi Tordoff, hili ni kopo la bia. Linaingia painti mbili, lita moja na kidogo. Tunayaona mengi. Zama za mabibi zetu, familia nzima zilikuwa zikila kiapo cha kuacha pombe, halafu zinabaki na makopo ya bia ya fedha kabatini. Kutupa hawawezi, fedha ni fedha. Basi wanampelekea sonara, anatia mdomo, kopo linaokoka pamoja na wenyewe."

Thirza alikuwa akiifikiria picha ya Keziah iliyotundikwa ukumbini kwake: mwanamke mwenye kofia nyeusi na midomo iliyobanwa kama mkoba. Siku zote alidhani midomo ile imebanwa kwa ucha Mungu. Sasa alianza kuona kwamba yule bibi alikuwa ameficha jambo.

Dawa ilikuwepo, Bwana Lyle alisema. Mdomo ungeng'olewa, matundu yake yazibwe, kopo lipelekwe London kwa wakaguzi, na wakiridhika litapata ruhusa ya kuuzwa. Thirza alifikiria ndoo kumi na mbili. "Ung'oeni," akasema.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko sheria. Thirza hakuwa mtu wa kuficha kosa lake. Kesho yake alimsubiri Hedley nje ya duka la mikate, akamwambia wima wima kama anayemeza kijiko cha mafuta ya samaki: "Ulisema kweli. Ni kopo la bia."

Hedley alivua kofia. "Rudia, dada. Sikio hili la kiwandani halisikii vizuri."

"Umesikia."

"Nimesikia, lakini nimengoja miaka hamsini. Nionjeshe tena."

Siku ya kung'oa mdomo Hedley alijialika mwenyewe, na alivaa tai. Karakana ya sonara ilikuwa nyuma ya nyumba ya mnada, chumba kidogo chenye harufu ya moshi na asidi. Sonara mwenyewe alikuwa mzee asiyependa maneno. Alilifunga jagi kwenye jiliwa, akawasha moto mwembamba wa buluu, akauzungusha kwenye maungio taratibu, na baada ya dakika chache akaushika mdomo kwa koleo, akauvuta. Ulitoka kwa mlio mdogo, kama mtu anayetema kokwa.

Mdomo ule ulikuwa na kitako kipana chenye umbo la jani. Chini ya jani lile fedha ilikuwa nyeusi, imetobolewa matundu madogo ya kuchujia. Sonara akaisugua kwa kitambaa chenye dawa. Katikati ya matundu pakaanza kujitokeza herufi, zimechakaa na kutobokatoboka kama zilizougua ndui, lakini zinasomeka.

"Kuna maandishi zaidi," Bwana Lyle akanong'ona, akainama na kioo chake. "Haya yalifunikwa. Ajabu kubwa! Yanaanzia kwenye jina... *Josiah Tordoff*... *siku ya gulio la Agosti*... *alikunywa*..."

Akakishusha kioo.

"Alikunywa nini?" Thirza akauliza.

Bwana Lyle alijinyoosha, akarekebisha tai yake ya kipepeo ambayo haikuwa na tatizo. Hedley akampisha kwa kiwiko, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayeita kondoo mlimani:

"*Josiah Tordoff, siku ya gulio la Agosti, alikunywa painti kumi na saba za bia bila kuketi, akasimama wima mbele ya mashahidi wengi!*"

Akacheka hadi akatafuta pa kushika, akashika meza ya sonara, akaunguza tai. Hata yule mzee asiyependa maneno aligeukia ukutani, mabega yakitikisika.

Thirza alisimama pale mikono imeshika mkoba. Uso wote ulikuwa wa moto. Alikumbuka sikukuu zote zile, maji ya limau, watoto wenye beji, na yeye mwenyewe akipita kati ya viti na jagi lake, kichwa juu, damu ya Josiah ikimtembea mishipani. Alikuwa amejivuna, na sasa alijua amejivunia nini. "Sasa lina thamani gani?" akauliza.

"Kopo tupu," Bwana Lyle alisema, "labda pauni elfu moja na mia tano. Lakini kopo lenye mlevi mwenye jina na tarehe, Bi Tordoff, hilo hata mimi sijui litaishia wapi."

Habari ya bonde haihitaji miguu. Jioni ile ile, kabla kopo halijaanza safari ya London, Ndugu Umpleby aligonga mlango wa Thirza. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, hakugusa keki.

"Dada Thirza, maandishi ya fedha yanaweza kusuguliwa yakafutika. Nimeuliza."

"Yakifutwa bei inaanguka nusu."

"Basi mdomo urudishwe pale pale ulipokuwa."

"Urudishwe, halafu mimi nifungwe?"

"Basi liuzwe mbali, London huko, sisi tukae kimya. Nimehubiri kuhusu Josiah miaka ishirini na miwili, dada. Ishirini na miwili! Nimewaambia vijana wamuige!"

Thirza alimtazama. Alikuwa mtu wa majivuno, huyu Umpleby, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyefiwa. Ghafla akamwonea huruma, na huruma ile ikamwonyesha njia, maana alijua kwamba aibu ikifichwa kabatini huchacha.

"Jumapili nitasema mwenyewe," akasema. "Ni babu yangu mimi, si wako. Kula keki."

Jumapili ilinyesha. Wakati wa matangazo Thirza alisimama kati ya ndoo ya saba na ya nane, akatoa karatasi, akasoma maneno yote tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuongeza wala kupunguza. Alipomaliza kanisa lilikuwa kimya kabisa, isipokuwa ndoo. Tii. Tii. Tii.

Kisha kutoka kiti cha mbele sauti ya Bibi Hephzibah Rudge, mwenye miaka tisini na mmoja, ikapaa, maana Bibi Hephzibah alikuwa kiziwi na aliamini kila mtu ni kiziwi mwenzake.

"Painti ngapi?"

"Kumi na saba, Bibi," Thirza akasema.

"Kumi na ngapi?"

"Na SABA, Bibi!"

"Na akasimama?"

"Inasema alisimama."

Bibi Hephzibah akatafakari. "Marehemu mume wangu," akatangaza, "alikuwa akianguka kwa sita."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa vijana wa Chama cha Wima, kikapanda kiti kwa kiti. Kanisa lile lilikuwa limesikia nyimbo, vilio vya msiba na ngurumo za Umpleby, lakini kicheko cha namna ile hakuna aliyekumbuka. Si wote waliocheka. Familia mbili zilitoka kwa mlango wa pembeni na miamvuli yao, na moja haijarudi mpaka leo. Ndugu Umpleby alibaki mimbarani ameshika kingo zake kama nahodha, akakata mahubiri nusu, akaomba wimbo wa kufunga.

Wakaguzi wa London waliridhika. Matundu yalizibwa, kopo likagongwa chapa mpya ndogo, na mnada ukapangwa Alhamisi ya mwanzo wa Julai, saa nne asubuhi.

Ukumbi ulijaa. Wafanyabiashara wa fedha walikuja na vioo vyao mfukoni, wakaketi nyuma na nyuso za watu waliokosea njia, kama kawaida yao. Watu wa Kichwa cha Fahali walikuja kumi na watano, wakiongozwa na Bi Beryl, mwenye baa, mwanamke mrefu mwenye hereni za mviringo. Walikuwa wamechanga wiki tatu nzima, wakauza hata ubao wa vishale, ili kopo lirudi Garsby, likae juu ya kaunta. Hedley ndiye aliyekabidhiwa kupandisha dau. Na mstari wa mbele kabisa, kofia imeshushwa hadi nyusi, aliketi Ndugu Umpleby pamoja na mkewe.

Thirza alisimama ukutani karibu na mlango. Alimwona Umpleby, asielewe. Mtu yule hakunywa, hakununua fedha, na kwake hakununua hata kijiko kipya.

Vijiko vilipita, visahani vikapita, bakuli la sukari lisilo na mguu mmoja likapita. Kisha Bwana Lyle akaliinua kopo. Bila mdomo lilionekana jingine kabisa: fupi, pana, limetulia kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

"Mabibi na mabwana, maandishi yake mmekwisha kuyasoma. Naanzia pauni elfu moja."

Hedley akapunga mkono mzima kama anayesimamisha gari moshi. Mfanyabiashara mmoja akainua kalamu. Elfu moja na mia mbili, na mia nne. Kalamu ikashuka. Hedley akatabasamu. Ndipo kofia ya mstari wa mbele ikainama kidogo.

"Elfu moja na mia sita, bwana wa mbele. Asante."

Hedley hakuona ni nani, nguzo ilimkinga. Akapunga. Kofia ikainama. Akapunga. Kofia ikainama. Na hapo Thirza akaelewa: Umpleby alikuja kumnunua Josiah amfiche. Angemweka kwenye ghala lake chini ya mazulia, na hakuna mtu ambaye angemwona tena hadi siku ya kiyama.

"Elfu mbili na mia nne," Bwana Lyle alisema. "Bwana wa nyuma ya nguzo?"

Huo ndio uliokuwa mwisho wa mchango. Thirza aliona bega la kaka yake likishuka, kisha likapanda tena, mkono ukaenda juu.

"Hedley!" Bi Beryl akamvuta pindo la koti. "Umekwisha kuvuka! Hizo ni za nani?"

"Za kwangu."

"Huna!"

"Nitauza baiskeli!"

"Baiskeli haina hata mnyororo!"

Ukumbi ukacheka, kofia ikainama, na Hedley akaketi. Alijifuta uso kwa kofia yake. Thirza alikuwa amemwona akicheka maisha yake yote, katika misiba na katika harusi. Hakuwahi kumwona ameketi namna ile, mikono imelala magotini.

"Elfu mbili na mia nane, bwana wa mbele. Kwa mara ya kwanza..."

"Elfu tatu," ikasema sauti kutoka mlangoni, karibu kabisa na sikio la Thirza.

Alikuwa mtu mnene mwenye koti la kijivu, ananukia shayiri. Bonde zima lilimjua: mwenye kiwanda cha bia cha kando ya mto. Ndugu Umpleby akageuka, akamwona, na rangi ikamtoka. Josiah kwenda baa ni jambo moja. Josiah kwenda kwa mtengeneza bia mwenyewe ni jingine.

"Elfu tatu na mia mbili!" Umpleby akapaza sauti, amesahau kofia, amesahau siri.

"Na mia tano," akasema wa bia.

"Na mia saba!"

"Percival," mkewe akasema.

"Elfu nne," akasema wa bia.

"Elfu nne na—"

"Percival, umesema mwaka huu hatuna hela ya mabomba ya kupasha nyumba joto. Nimekaa na blanketi magotini tangu Novemba." Na bila kupandisha sauti, Dada Umpleby akaushika mkono wa mumewe wa kulia, akauweka kitini, akaukalia.

Bwana Lyle akasubiri, nyundo hewani. "Bwana wa mbele? Unaendelea?"

Umpleby alijaribu kuinua mkono, mkono haukuja. Akafungua kinywa. Mkewe akaivuta kofia yake chini hadi puani, kwa upole, kama anayefunika chungu.

"Bwana anaonekana ametosheka," Bwana Lyle akasema, akagonga nyundo.

Pauni elfu nne. Mwenye kiwanda alimpa Thirza mkono, akamwambia kwa furaha kwamba mwakani watatengeneza bia mpya, nyeusi, nzito, na wamekwisha kupata jina lake: Wima.

Kamati ya kanisa ilikaa wiki iliyofuata. Ndugu Umpleby alisimama, mkono wa kulia bado mfukoni, akauliza kama kweli nyumba ya Mungu itaezekwa kwa pesa ya bia. Watu wakatazama meza. Thirza akajibu akiwa ameketi.

"Ndugu Umpleby, maji yanayonidondokea shingoni kila Jumapili hayajawahi kuniuliza kama nimeokoka. Na wewe mwenyewe ulitaka kununua. Ungemlipa nani, kama si sisi hawa hawa?"

Umpleby aliketi. Waliokubali walikuwa saba, waliokataa wawili, na yeye hakupiga kura upande wowote. Mwezi wa Septemba mafundi walipanda juu na vigae vipya. Ndoo zote zilirudi stoo, na Jumapili ya kwanza Thirza alishindwa kuyafuata mahubiri kwa sababu ya ukimya.

Lakini huku nyuma, tangu siku ya mnada, Hedley hakuonekana. Hakuwepo kwenye duka la mikate, hakuja chakula cha Jumapili, na mtu wa posta alisema anashinda baani kwenye pembe akiutazama ukuta mahali kopo lingekaa. Wiki ya tatu ilipoingia Thirza alivaa koti lake la kanisani, akashuka barabara kuu saa nane mchana, akasimama mbele ya mlango wa Kichwa cha Fahali. Mlango ule alikuwa ameupita mara elfu kumi, daima kwa upande wa pili wa barabara. Akausukuma.

Mazungumzo yalikatika kama yaliyokatwa kwa kisu. Mtu mmoja alificha glasi yake nyuma ya gazeti. Thirza akatembea moja kwa moja hadi kwenye pembe, akavuta kiti, akaketi mbele ya kaka yake.

"Umepotea," Hedley akasema, ametoa macho. "Kanisa liko juu huko."

"Najua liko wapi. Hujaja Jumapili tatu. Nyama naila peke yangu, na ni nyingi."

"Nilitaka likae hapa, dada," Hedley akasema. "Si kwa ajili ya bia. Kila mtu bondeni ana cha kwao pahali. Wewe ulikuwa nalo miaka yote. Mimi nilikuwa na utani tu."

Thirza aliutazama mkono wa kaka yake mezani, wenye kovu la mtambo kwenye kidole cha shahada.

"Hivi kumi na saba inawezekana?" akauliza.

Hedley akainua kichwa. Alimkagua usoni kuona kama anamdhihaki, akakuta hapana. Akafikiri kwa makini, kama fundi anayeulizwa uwezo wa mashine.

"Mimi nilifika kumi na moja. Mwaka ule vita vilipokwisha."

"Ukasimama wima?"

"Niliamka kwenye zizi la kondoo. Kusimama nilisimama Jumanne."

Ilimtoka Thirza bila ruhusa, kicheko cha puani, kisha cha tumboni, hadi akalazimika kutafuta leso. Hedley akaanza naye, na baa nzima ikapumua na kurudi kwenye glasi zake. Bi Beryl akaja akijifuta mikono, akauliza kwa woga mgeni atakunywa nini.

"Chai," Thirza akasema.

Ilikuja kwenye glasi ya bia, rangi ya maji ya kuoshea vyombo, kifuko cha majani kinaelea juu. Thirza akaionja kidogo, akaiweka chini. Akavua koti, akalikunja juu ya kiti, akapandisha mikono ya sweta.

"Mama," akamwambia Bi Beryl, "jiko liko wapi?"